Daftari la Newala

Swali la kwanza lilikuwa, "Binti nani?"
Bibi yangu Namtanda akataja mama yake.
Karani Muhidini, mtu wa Mikindani,
wino umemkaukia kwenye kidole cha shahada,
akamtazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Nimekuuliza baba."
Akataja mjomba.

Foleni ilikuwa ndefu, jua li utosini.
Karani akaandika jina la mume, akalipigia mstari,
na nyumba aliyoikandika bibi kwa viganja vyake,
alama za vidole bado ziko ukutani,
ikawa ya mwanamume aliyekuja na shoka tu.
Rupia tatu kwa kila kibanda.

Kaka yake Chilumba hakungoja zamu.
Mpira wa porini ulikwisha kukamuliwa hadi mizizini,
nta haikutosha, na jirani yao Nampoto
alikwisha kuonja hamsa ishirini pale uani kwa Mdachi,
akalala kifudifudi siku tisa.
Chilumba akateremka usiku kupitia Shimo la Mungu,
akavuka Ruvuma pale maji yanapoishia magotini,
na kabla hakujapambazuka akawa mtu wa Mreno.
Mto ule ule!
Walikuwa wakipanda kunde kingo zote mbili.

(Sisemi kule kulikuwa kuzuri.
Mreno naye alikuwa na daftari lake.)

Kodi ililipwa, sijui kwa nini. Kwa mtama, nadhani,
maana bibi alikuwa akisema tu, "Mwaka ule tulikula ming'oko,"
kisha anabadilisha mazungumzo.

Mwanawe akafikia umri wa jando.
Jando bila mjomba ni jembe bila mpini.
Wakaahirisha mavuno mawili.
Mwaka wa tatu ngoma ikalia kwa ruhusa ya akida,
askari wawili mbele, bunduki mapajani,
na Muhidini juu ya kiti pekee cha kijiji.

Lipiko likachomoza kichakani.
Halikuwa na chale usoni wala ndonya mdomoni.
Lilikuwa na kofia ya mti, ndevu za nta,
na kalamu nyuma ya sikio.
Likacheza huku likiandika hewani.
Likamnyooshea kidole kila mama, bila sauti,
likalamba kidole, likafunua ukurasa usiokuwepo,
likafuta, likaandika upya, likafuta.
Watu walicheka hadi wakakaa chini.
Muhidini aliwapita wote kwa kicheko;
akatupa pesa ya shaba,
akamwuliza aliye karibu, "Fundi huyu ni nani?"

Kimya.

Kwetu aliyemo ndani ya lipiko hana jina.
Ni mzimu. Mwanamke akimtaja amevunja mwiko,
mwanamume akimtaja hana tena pa kukaa.
Askari mmoja aliirudia hiyo "nani", kwa sauti nzito zaidi.
Ngoma zikajibu.
Bibi yeye aliziona nyayo, na kidole gumba kilichopinda
tangu alipomwangushia mchi wakiwa watoto.
Akatazama pembeni
akapiga vigelele vya mtu ambaye hajui kitu.

Hata babu hakuambiwa. Mimi niliambiwa mwaka wa ukame,
tukishuka bondeni na ndoo, saa tisa za usiku,
bibi akiwa amekwisha kupoteza meno na woga.
Alisimama ukingoni, akanionyesha moshi ng'ambo,
akasema, "Ule," kisha akasahau alichotaka kusema,
au hakusahau.

Daftari lenyewe sijaliona. Labda mchwa, labda Ulaya.
Kila nikijaza fomu, penye "jina la baba"
kalamu husita kidogo, kisha huandika.

Na ile pesa ya shaba?
Lipiko liliiokota kwa vidole vya miguu.
Usiku ule mjomba alimwachia mpwa wake.
Msimu uliofuata ilirudi bomani pamoja na zile rupia tatu;
Muhidini akaigonga mezani, akatega sikio,
kuhakikisha si ya bandia.